Nguzo ya Thelathini na Moja

Jumamosi alasiri, mvua ya Tarime imeshakatika ila baridi yake bado iko ndani ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa hisabati anafungua bahasha tatu za kaki. Moja ni ya shule yake. Ya pili imeletwa na pikipiki kutoka shule ya jirani. Ya tatu imevuka daraja la Mto Mara, imetoka upande wa Serengeti, na kona zake zimelowa. Ni mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, na maswali ya hisabati aliyatunga yeye. Karatasi zote 148 zimeshasahihishwa. Mwalimu mwingine angejaza alama kwenye fomu, akapanga nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, akaenda zake kunywa chai. Kwa Madamu, kama wanafunzi wanavyomwita, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Anazipanga karatasi kwa alama, kubwa juu, ndogo chini. Anahesabu 40 kutoka juu, anaziweka kulia kwake. Anahesabu 40 kutoka chini, anaziweka kushoto. Zile 68 za katikati anazifunga kwa mpira na kuzilaza sakafuni. Hatazigusa tena leo.

Kwa nini 40? Ni asilimia 27 ya 148. Hesabu hiyo ina mwenyewe: Truman Kelley, msomi wa upimaji wa Marekani, aliionyesha mwaka 1939. Ukitaka kujua kama swali linamtenga mtoto anayejua na asiyejua, unalinganisha kundi la juu na kundi la chini. Ukichukua wachache mno kila upande, makundi yanatofautiana sana lakini idadi haitoshi kuiamini. Ukichukua wengi mno, wa juu wanaanza kufanana na wa chini. Mahali pa kupumzikia kati ya hofu hizo mbili ni karibu na asilimia 27. Madamu aliisoma chuo cha ualimu, akaiandika kwenye daftari la jalada gumu, na daftari hilo bado liko mezani, limevaa gazeti.

Anaanza na swali la 7. Kulia waliopata ni 31. Kushoto ni 9. Anatoa, anagawa kwa 40: 0.55. Anaandika namba hiyo kwa penseli pembeni, na chini yake anaandika tena 9 na kuizungushia duara. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia swali lina majibu matano ya kuchagua. Watoto 40 wakifumba macho na kuweka alama popote, wanane hivi watapata. “Kwa hiyo tisa hawa, mura, usidhani wanajua. Hiyo ni bahati tu inapita.” Nimesoma habari za mitihani kwa miaka mingi, sikuwahi kusikia mtu akiieleza bahati kwa utulivu namna ile.

Swali la 2 wamepata karibu wote, 40 kwa 38. Halipimi kitu, ila analiacha. Anasema mtoto mwoga anahitaji mlango wa kuingilia. Swali la 11 linafanya vizuri. La 15 hivyo hivyo. Kisha anafika swali la 23, na hapo mkono wake unapunguza mwendo, maana hilo ndilo swali alilolipenda kuliko yote.

Aliliandika hivi: Zizi la duara lina mzunguko wa mita 60. Nguzo zimechimbiwa kila baada ya mita 2. Je, zizi lina nguzo ngapi? Majibu ya kuchagua: 15, 29, 30, 31, 60. Jibu ni 30. Alilitunga akilenga watoto wa juu kabisa, wale ambao mtihani wa taifa wa Septemba unaweza kuwatoa hapa na kuwapeleka shule za vipaji maalumu, Ilboru au Kibaha au Msalato. Kila mtoto wa Tarime na Serengeti amewahi kuona zizi. Lugha yake ni nyepesi. Namba zake si za kutisha. Ukilitazama lilivyo karatasini, ni swali la kumvulia kofia mtungaji.

Kulia, katika watoto 40 bora, waliopata ni 12. Kushoto, katika watoto 40 wa mwisho, waliopata ni 15.

Alihesabu mara ya pili. Kisha akaandika: hasi 0.075. Swali lake zuri lilikuwa linawaadhibu wanaojua na kuwazawadia wasiojua.

Hapa ndipo ufundi ulipoanza kuonekana, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Mtungaji asiye na subira angesema watoto walikosa umakini. Yeye alizichukua karatasi 40 za kulia akazipanga upya kwa jibu lililochaguliwa. Waliosema 31 walikuwa 19. Waliosema 29 walikuwa 7. Wawili walitawanyika. Akakaa anatazama ile 31 kwa muda mrefu, kalamu ikiwa imelala. Wa chini walifanya nini? Waligawa 60 kwa 2, wakaweka alama, wakaendelea. Wa juu walikumbuka somo la miti iliyopandwa kwa mstari mnyoofu, ambalo walifundishwa vizuri sana na yeye mwenyewe: gawa, kisha ongeza moja, kwa sababu mstari una mwanzo na mwisho. Wakaongeza moja kwenye duara, ambako mwanzo na mwisho ni nguzo ileile. Kanuni iliyowafanya wawe wa juu ndiyo iliyowaangusha.

Na wale saba wa 29? Jibu lilikuwa pembeni ya karatasi moja, kwa mwandiko mdogo wa penseli: “mlango uko wapi?” Mtoto wa Kikurya hawezi kuwaza zizi lisilo na mlango. Ng’ombe watapita wapi? Ukiacha mlango wa mita nne, nguzo moja inaondoka, zinabaki 29. Mtoto yule alikuwa na akili kuliko swali. Swali lilimwona mkosaji.

Wataalamu wa upimaji wana neno la jambo hili, uhalali. Wanauliza: je, mtihani unapima kile unachosema unapima? Swali la 23 lilidai kupima fikra. Lilichopima ni nani hajasikia kanuni ya kuongeza moja, na nani hajawahi kufunga ng’ombe jioni.

Kadiri unavyopanda juu, mtego huu unazidi. Swali jepesi halina siri nyingi. Ukikosea kulitunga, watoto wanakuonyesha haraka kwa wingi wao. Swali gumu linamlenga mtoto mmoja kati ya kumi, au kati ya mia, na mtoto huyo huona njia ambazo mtungaji hakuziona. Tazama mfuatano huu mdogo: 2, 4, 8. Inayofuata ni ngapi? Wengi watasema 16, kwa kuzidisha kwa mbili. Mwingine ataona tofauti zake ni 2, kisha 4, atasema tofauti inayofuata ni 6, na jibu ni 14. Hajakosea hata kidogo. Wazee waliotega vitendawili jioni walilijua hili bila kitabu: jibu la kitendawili kizuri, likishatajwa, kila aliyekuwepo anakubali kwamba haliwezi kuwa jingine. Kitendawili chenye majibu mawili ni ugomvi.

Duniani wako watu waliojaribu kutunga mitihani ya kilele kitupu, ya kupima akili ambazo mitihani ya kawaida haizifikii. Anayejulikana zaidi ni Ronald Hoeflin wa Marekani. Mtihani wake wenye maswali 48 ulichapishwa na jarida la Omni mwezi Aprili 1985, bila kikomo cha muda. Mtu alikaa nao nyumbani wiki nzima akitaka, na watu kwa maelfu walituma majibu yao. Ninaiheshimu kazi ile. Kutunga maswali 48 ambayo mtu hodari anaweza kulala nayo na kuamka nayo si mchezo. Lakini ugumu wa swali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua alama aliyopata mtu ina maana gani, na hapo hesabu haina huruma.

Chukua kipimo cha akili cha kawaida, chenye wastani wa 100 na mtawanyiko wa 15. Kama akili zimetawanyika kwa umbo la kengele jinsi kipimo kinavyodhani, aliyefikia 130 ni mmoja katika watu 44 hivi. Aliyefikia 145 ni mmoja katika 741. Aliyefikia 160 ni mmoja katika 31,500 hivi. Sasa niseme nataka kuhakikisha kwamba mtihani wangu unamtambua kweli mtu wa 160. Nitahitaji niwaone angalau watu 30 wa namna hiyo. Ili niwapate 30 bila upendeleo, lazima niwapime watu karibu 950,000. Tanzania nzima, watahiniwa wa darasa la saba katika miaka ya karibuni wamepita milioni moja kwa mwaka. Maana yake ingebidi karibu taifa zima la watoto wa umri mmoja likae chini kwa swali langu, ndipo niwe na haki ya kusema neno juu ya hao 30. Maelfu wanaojipeleka wenyewe kwa sababu wanapenda mafumbo hawawezi kuwa badala ya milioni waliokaa kwa sababu ni Septemba na wote wamekaa.

Mwaka 1990 kitabu cha rekodi cha Guinness kilifuta kipengele cha mtu mwenye akili nyingi kuliko wote duniani, kwa kuwa vipimo havikuwa imara kiasi cha kumtaja mtu mmoja. Na mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, orodha ya wanafunzi kumi bora iliyozoeleka haikusomwa. Sababu zilizotolewa zilihusu zaidi ushindani wa shule na mazingira tofauti ya wanafunzi. Wazazi wengi walisikitika, na masikitiko yao nayaelewa. Nani hapendi kusikia jina la kijiji chake redioni? Ila hata pasingekuwepo sababu nyingine, hesabu peke yake ingetosha. Mtihani wa alama 50 wenye mtawanyiko wa 10 na uthabiti, yaani alama kutoyumba ukirudia kupima, wa 0.91, ambao ni uthabiti wa kujivunia, bado una kosa la kupimia la alama 3. Mtoto aliyepata 48 na aliyepata 46, ukiwarudisha kesho kwenye mtihani wa aina ileile, wanaweza kubadilishana viti. Na aliyepata 50 kwa 50? Huyo hatujui urefu wake. Tunajua tu kwamba kichwa kimegusa dari.

Baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973, lina kazi moja ambayo haisifiwi inavyostahili. Kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Ukifungua ya hisabati utakuta kila swali na asilimia ya waliochagua kila herufi, na maelezo ya kilichowapeleka kwenye herufi isiyo sahihi, na picha za karatasi zenyewe, iliyojibiwa vizuri na iliyojibiwa vibaya, kwa mwandiko wa mtoto. Madamu anazo za miaka kadhaa, kazichapisha mjini Tarime kurasa chachechache kila mshahara ukiingia. Anazisoma kama fundi seremala anavyopapasa kiti alichotengeneza mwenzake, anaangalia viungo.

Kuna swali jingine alilolitupa siku ile, na hilo lilikuwa zuri kwa namba. Alikuwa amesaidia somo la sayansi: ni mnyama yupi kati ya hawa hacheui? Nyumbu, nyati, swala, pundamilia, ng’ombe. Watoto wa bahasha iliyolowa, wale wa upande wa hifadhi, walijua pundamilia karibu wote, wa juu na wa chini sawasawa. Wa kilimani walihangaika. Alipotenganisha shule, ile nguvu ya kupambanua ikayeyuka. Swali lilikuwa linatenga vijiji. Akalikata kwa mstari mmoja, akasema litafaa darasani, kwa kufundishia.

Nilimuuliza kama haumii kutupa maswali. Akasema aliwahi kukaa mwezi mzima na swali moja la sehemu, likaja likakataa. Halafu akaongeza, na hili nimelibeba hadi leo: lugha peke yake inaweza kukuharibia kipimo. Mtoto anayewaza kwa Kikurya nyumbani na kusoma Kiswahili shuleni anaweza kuijua hesabu na kuangukia kwenye sentensi. Kwa hiyo kila swali lake gumu analisomea kwa sauti watoto wa darasa la nne kwanza. Wakielewa linachouliza, hata kama hawawezi kulijibu, linaingia. Wakiuliza “maana yake nini, Madamu?”, linarudi jikoni.

Huko Bagamoyo ilifanyika kazi moja inayolingana na hofu yake. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watoto 358 wa shule za maeneo hayo, wa miaka 11 hadi 13. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyashughulikia maswali ya aina ile, wakawapima tena. Watoto waliofundishwa walipanda. La kushangaza zaidi ni mpangilio: uhusiano kati ya alama ya kwanza na ya pili ulikuwa kama 0.3 tu, wakati kwa watoto ambao hawakufundishwa ulikuwa kama 0.8. Chini ya saa moja ya kuelekezwa, na wa mbele hakuwa tena lazima wa mbele. Ukipima mara moja na kufunga daftari, umepima pia nani amezoea kupimwa.

Swali la zizi halikufa. Lilikaa kwenye daftari mwaka mzima, na nimeona kurasa zake, zimefutwa na kuandikwa mpaka karatasi imetoboka. Kwanza aliongeza “bila mlango”, akalifuta; zizi bila mlango ni uongo na watoto wangeucheka. Akajaribu bustani. Akajaribu tangi. Mwisho aliondoa majibu ya kuchagua kabisa na kuandika hivi:

Uzio ulionyooka una urefu wa mita 60. Una nguzo kila baada ya mita 2, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho wake. Uzio huu ukikunjwa ukawa duara, ncha zake mbili zikakutana, nguzo ngapi zitakuwa hazihitajiki tena? Chora kuonyesha.

Ni sentensi tatu na agizo moja. Anayejua kanuni atapata 31 na kusimama hapo. Anayegawa tu atapata 30 na kusimama hapo. Anayeona atajibu moja, kwa sababu nguzo ya thelathini na moja inamkuta wa kwanza ameshasimama mahali pake. Kosa lililoua swali la kwanza limegeuzwa kuwa mlango wa swali la pili. Niliposoma hivyo nilinyamaza kidogo.

Mwaka uliofuata walikaa watoto 152. Asilimia 27 ni 41. Nilikuwepo tena, meza ileile, bahasha safari hii zimekauka. Kulia, waliopata walikuwa 14. Kushoto, mmoja. Tofauti ni 13, ukigawa kwa 41 unapata 0.32. Vitabu vingi vya upimaji huweka 0.30 kuwa mpaka wa swali zuri, kwa hiyo lilivuka chupuchupu. Na swali gumu haliwezi kupata namba kubwa, maana hata wa juu wengi hulikosa. Aliandika 0.32, akapiga mstari chini yake mara mbili. Akanipa karatasi chache za wale 14 niziangalie. Mmoja alichora nguzo zote, moja baada ya nyingine, hadi penseli ikaisha ncha.

Nilidhani tumemaliza. Yeye alikuwa amerudi kwenye rundo la kushoto, anatafuta yule mmoja.

Mmoja katika 41 kwa hesabu si kitu. Swali halikuwa la kuchagua, ila hata jibu la kuandika linaweza kubahatika, na moja ni namba ambayo mtoto huiandika akikosa la kuandika. Aliipata karatasi. Ilikuwa na alama 9 kati ya 50. Maswali mengi yalikuwa hayajaguswa, mengine yameachwa katikati ya sentensi. Kwenye lile la uzio palikuwa na mchoro: duara, vitone thelathini vimehesabiwa kwa vijistari vidogo, na nje ya duara, pembeni, nguzo moja imelazwa chini. Chini yake ameandika, kwa r ya Kikurya mahali pa l: “hii ya kurara.”

Madamu aliangalia namba ya mtahiniwa, akafungua daftari la mahudhurio. Siku za mnada wa ng’ombe mtoto yule huwa hayupo. Siku za kulima hayupo. Akahesabu siku alizokuwepo muhula huo, akaziandika pembeni ya 0.32, kwa penseli, kama anavyoandika kila kitu asichokuwa na hakika nacho. Karatasi hakuirudisha kwenye bahasha. Jumatatu alikwenda nayo darasani, na kipande cha chaki, akamwita. Wenzake wakasema ameenda mnadani na baba yake.

Akaikunja mara moja, akaiweka ndani ya daftari lililovaa gazeti, kwenye ukurasa wa zizi.